Ngeli ya Muundwa

Julai, Uyole, ukungu umeingia hadi sebuleni.
Nimevaa makoti mawili. Ambakisye anapuliza jiko.
Mezani: ramani ya nchi isiyokuwepo, kalamu ya risasi,
kete sita alizochonga Gwamaka kwa masalia ya paini
(moja imepinda, hupenda kuangukia nne, tumeizoea),
na daftari langu la kanuni, lenye doa la chai
pale inapoanza sura ya waundwa.

Subilaga ndiye aliyeomba.
Mchezo uliopita alikuwa mrina asali, akafa vibaya korongoni,
na sasa hataki tena kuwa mtu wa nyama.
"Nipe wa kuundwa," alisema. "Wa bati na udongo wa mfinyanzi,
anayewaka ndani kama tanuri. Mwenye akili zake."
Nikasema nipe wiki moja.
Wiki imekuwa miezi miwili.

Maana kila mstari nikiuandika, unazaa swali.
Halali. Yaani hasinzii, si ile halali ya buchani.
Basi atalinda kambi usiku kucha,
na majambazi wangu wote wa alfajiri wamekosa kazi.
Hali chakula: njaa niliyoipanda jangwani haimhusu.
Sumu haimdhuru, maji hayamzamishi,
na dawa ya mganga humtiririka kama mvua juu ya paa.
Atatibiwa na nani? Fundi wa kuchomelea?
Nikaandika: apone kwa nyundo, na saa nzima ya moto.
Nikafuta.
Nikaandika tena kwa wino, kusudi nisifute.

Gwamaka, mpenda ushindi, aliuona mwanya upesi:
"Huyu anatuzidi sote. Mpunguzie."
Nikampunguzia. Kutu msimu wa masika,
uzito unaokata madaraja ya kamba,
kishindo cha makopo ambacho kila mlinzi hukisikia.
Bado hakuwa mtu.
Alikuwa trekta lenye jina.

Halafu sarufi ikanikaba koo.
Ukurasa wa tatu nimeandika "kinaposhambuliwa",
wa nne "anaposhambuliwa",
na wa tano, siku niliyokuwa na homa, "linaposhambuliwa".
Ngeli tatu, kiumbe mmoja.
Mwalimu Nsajigwa angenirushia chaki.
"Tupige kete," akasema Ambakisye, na tukacheka,

isipokuwa Subilaga.
Alikuwa amenyoosha mguu wa kushoto karibu na jiko,
ule wa plastiki, wa baada ya msumeno wa Mafinga,
anasoma kwa sauti kanuni yangu ya kumi na moja:
"Muundwa hahisi baridi wala maumivu
katika kiungo chochote cha kuundwa."
Akaugonga mguu kwa kete. Ko, ko.
"Kisigino cha hapa kinaniwasha tangu jioni.
Vidole vimeganda.
Viko Mafinga, sijui walivizika wapi,
na vimeganda."

Kaa moja likapasuka jikoni.

"Kwenye fomu waliniandika kilema," akaendelea,
kama mtu anayetaja bei ya viazi. "Kwa ki.
Lakini hakuna aliyesema kilema kimefika.
Amefika, walisema. Mlete ndani, akae.
Hata yule karani mwenye roho mbaya."

Wino haufutiki. Nikapiga mstari juu ya kumi na moja,
na pembeni, kwa herufi za kubanana, nikaandika:
*Muundwa huhisi baridi,
zaidi pale asipokuwa na mwili.
Akitupa chini ya tatu, wenzake wampishe karibu na moto.*

"Hiyo inampa faida gani?" akauliza Gwamaka.
"Sijui bado."
Sijui mengi. Sura ya kifo chake ni tupu mpaka leo:
kama atazikwa au atafunguliwa parafujo,
kama anayeungwa upya ni yuleyule
au ni ndugu yake mwenye kumbukumbu za kuazima.

Lakini baridi ilikuwa inazidi, na Subilaga
ameshashika kete iliyopinda.
Akaitupa. Nne, kama kawaida yake.

"Ameamka," nikasema,
na hakuna aliyenisahihisha.